Mawe ya shaba ya Katanga yametoka kwenye tope la bahari, tusiyaache yapotee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua itakuwa ndefu lakini jambo lenyewe haliishi kwa mistari mitano. Makala yenu juu ya shaba ya huku Katanga, kusini mwa Kongo, niliisoma mpaka mwisho, na mlivyoandika juu ya malori yanayopanga foleni mpakani Kasumbalesa mlisema kweli tupu, ila pale mlipoandika kwamba shaba yetu ililetwa na volkano, hapo hapana. Na sibishi kwa kupenda kubisha, ni kwamba neno hilo nalisikia kila mahali, kwenye basi, kwenye vikao, hata kwa walimu wa watoto wetu, na madhara yake ni kwamba watu wanaona lile jiwe lililobeba shaba halina maana yoyote, ni kitu cha kupasua na kutupa ili ufikie madini, wakati lile jiwe ndo lenye habari yote.

Shaba ya Katanga iko ndani ya matabaka. Ni tope, mchanga na chokaa vilivyotulia tabaka juu ya tabaka pembeni mwa bahari ya zamani sana, kabla hakujakuwa na samaki wala konokono wala jani hata moja juu ya nchi kavu. Chile kule ni kweli, shaba yao nyingi inatokana na miamba iliyoyeyuka kwa moto wa chini, labda ndo mana watu wanachanganya, lakini ya kwetu na ya majirani zetu wa Zambia ilikuja kwa njia nyingine kabisa, na ukikosea njia iliyokujia unakosea pia mahali pa kuitafuta.

Mimi nimefanya kazi miaka mingi kwenye karoti. Kwa asiyejua, mashine ya sondaji inatoboa chini kwa bomba lenye almasi mdomoni, na kila bomba likipandishwa linatoa fimbo ya jiwe la mviringo, hiyo ndo karoti, inapangwa kwenye masanduku marefu yenye vijia, na kila kipande kinaandikiwa kimetoka mita ngapi chini. Ikiwa kavu haikuambii kitu, yote ni kijivu ya vumbi tu. Ukimwagia maji hapo ndo rangi zinatoka, unaweka lupa jichoni, unakwangua kwa kisu, unadondosha tone la asidi: jiwe la chokaa linachemka papo hapo, dolomiti, yani chokaa yenye magnesiamu, yenyewe inanyamaza mpaka uikwangue upate unga wake ndo inatoa mapovu madogo madogo. Kazi yote ya kujua bahari ya zamani inaanzia hapo, kwenye maji na kisu na tone la asidi, alafu ndo zinakuja mashine za maabara.

Sasa nieleze ilivyokuwa. Miaka milioni 880 hivi iliyopita, au baada ya hapo kidogo, bara la wakati ule lilianza kuvutika na kupasuka, ardhi ikadidimia ikawa mabonde. Tunajua haikuwa kabla, kwa sababu upande wa Zambia, pale Nchanga karibu na Chingola, matabaka ya chini kabisa yamelala juu ya granaiti yenye umri huo, na kitu kilicholala juu hakiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kilicholaliwa. Mito ikaleta kokoto na mchanga kutoka kwenye vilima vilivyokuwa kando, ikajaza yale mabonde, ndo mana Zambia ukianzia chini unakuta mawe ya kokoto na mchanga mwingi, na hata Mufulira shaba imo ndani ya mawe ya mchanga yenyewe. Alafu bahari ikaingia. Haikuingia kwa kishindo, ilikuwa maji ya kina kifupi yanayopanda na kurudi juu ya nchi tambarare, jua kali, joto, na kila yakirudi yanaacha madimbwi makubwa ya chumvi.

Vitu vyote vilivyorundikana kuanzia hapo wajiolojia wamevigawa mafungu matatu makubwa: Roan chini, Nguba katikati, Kundelungu juu. Ukivipanga vyote juu ya vingine unapata unene wa kilomita kadhaa za mawe. Hayo majina mtu wa Likasi au wa Fungurume anayasikia toka utotoni bila kuambiwa kwamba ni majina ya zama tatu za dunia.

Fungu la Roan ndo lenye sehemu inayoitwa Série des Mines, yani mfululizo wa migodi, na hapo naomba msomaji atulie kidogo mana ndo penyewe. Ukisimama mbele ya ukuta wa mgodi wa wazi, Kolwezi au Fungurume au Kambove, unaona mistari ya rangi imeinama, saa ingine imesimama wima kabisa, na sisi watu wa mgodini tunaiita kwa herufi za Kifaransa zilizobaki toka enzi ya Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyochimba shaba huku: RAT, RSF, RSC, SD, CMN. Vijana wengi wanazitaja hizo herufi kila siku ya kazi bila kujua kwamba kila moja ni aina ya ufuko.

Chini iko RAT ya zambarau. Rangi hiyo ni chuma kilichopata kutu, yani hewa ilikuwa inafika pale, ni tope laini lililokuwa linalowa na kukauka kwenye tambarare yenye chumvi, ukiishika karoti yake inateleza kidogo kwenye vidole. Alafu ghafla, bila jiwe kubadilika sana, rangi inageuka kijivu. Hiyo ndo RAT ya kijivu. Tope ni lile lile lakini chuma hakina kutu tena, oksijeni imeisha, maji yamebaki palepale na ndani yake kuna vitu vilivyooza. Mtu wa karoti akifika kwenye huo mpaka wa zambarau na kijivu anaacha maongezi anainama, mana toka hapo kwenda juu anaanza kutegemea kuona shaba.

Juu yake kuna dolomiti iliyopangika vizuri kwa mabamba, na ukiangalia kwa lupa unakuta vidonge vidogo vya mviringo ambavyo zamani vilikuwa jasi, madini yanayoota penye maji ya bahari yaliyokaushwa na jua mpaka yakawa mazito. Siku hizi jambo hilo linaonekana kwenye fukwe za Ghuba ya Uarabuni, kwa Abu Dhabi kule, tambarare zenye chumvi ambazo bahari inazigusa mara moja moja tu. Katanga ilikuwa hivo.

Alafu inakuja RSF, na hilo ndo jiwe nilipendalo kuliko yote. Linafunguka kama kurasa za kitabu, utando juu ya utando, mwembamba sana, na kila utando ulikuwa ni zulia la bakteria lililoota juu ya tope la ufukweni, likafunikwa na tope jipya, likaota tena juu, likafunikwa tena, na tena. Hakukuwa na mdudu wa kulila. Wanyama wa kutambaa na kula walikuwa bado hawajawepo duniani, kwa hiyo hayo mazulia yalitanda bila kuguswa na mtu yeyote, eneo kubwa sana, na tunaweza kuyahesabu leo kwenye karoti.

RSC ni hao hao bakteria lakini maji yameongezeka kina kidogo, basi badala ya kutanda wakajenga vichuguu, kimoja kinapanda juu ya kingine, vinaitwa stromatoliti. Jiwe lake limejaa silika, ni gumu sana, na limejaa matundu. Ugumu huo ndo umefanya vilima vya Katanga visimame, maji ya mvua yamekula mawe laini ya pembeni yameshindwa kuila RSC. Na hayo matundu karibu na uso wa ardhi ndo yamejaa ile heterojeniti nyeusi, kobalti ambayo wachimbaji wadogo wanaifuata kwa mikono yao mpaka ndani ya mashimo yasiyo na hewa. Kwa maneno mengine kijana anayebeba gunia la kobalti Kolwezi amelitoa kwenye nyumba ya bakteria wa baharini. Hakuna aliyemwambia hilo, na mimi naona ana haki ya kuambiwa.

Juu ya RSC maji yakawa ya kina zaidi na yametulia, tope jeusi lenye kaboni likashuka polepole, hiyo ni SD, na juu kabisa CMN, dolomiti tena, bahari imepungua kina imerudi kuwa ufukwe. Shaba nyingi iko kwenye mabamba mawili, moja chini ya RSC na moja juu yake kwenye mwanzo wa SD, kila moja unene wake mita 10 hivi, inazidi au inapungua kutokana na mahali. Mita 10! Miji yote hii, reli, viwanda, Élisabethville iliyoanzishwa mwaka 1910 ikawa Lubumbashi, shaba ya kwanza iliyoyeyushwa hapo mwaka 1911 kutoka mgodi wa Étoile ambao wenyeji tunauita Kalukuluku, vyote vimesimama juu ya matabaka mawili ambayo mtu anaweza kuyapita kwa hatua chache.

Sasa shaba yenyewe iliingiaje humo? Haikuwa kwenye tope kwa wingi huo toka mwanzo. Maji ya chumvi kali yalishuka kwenye yale mawe mekundu ya chini yenye kutu, na maji ya chumvi yakiwa na joto yanabeba shaba vizuri sana, yanainyonya kidogo kidogo kutoka kwenye punje za mawe, yanatembea nayo. Yanatembea mpaka yanapokutana na tabaka la kijivu au jeusi, lenye mabaki ya bakteria na lenye salfa isiyo na oksijeni, hapo shaba haiwezi kuendelea na safari, inashikana na salfa inaganda: kalkopiriti, borniti, kalkositi, na kobalti yake inaganda kuwa karoliti. Ndo mana nasema mpaka wa rangi ni kila kitu. Nyekundu chini imetoa, kijivu juu imepokea, na chumvi ndo iliyobeba. Wajiolojia bado wanabishana safari hiyo ilifanyika lini, wengine wanasema mapema sana tope likiwa bado bichi, wengine wanasema ni baadaye sana milima ilipokuwa inakunjwa, na wengi siku hizi wanaona ilitokea zaidi ya mara moja. Ila wote wanakubaliana kwamba bila ule ufuko, bila ile chumvi na bila wale bakteria hakuna shaba ya Katanga.

Na hiyo chumvi imekwenda wapi? Iliyeyuka, lakini kabla ya kuyeyuka ilifanya kazi kubwa. Tabaka la chumvi likibanwa linateleza na kusukumika. Nchi ilipokuja kukunjwa, miaka milioni 550 hivi iliyopita, wakati bara la kaskazini lilipogongana na la kusini, Série des Mines ilivunjika vipande vipande vikasukumwa juu, kipande kingine ni cha mita chache na kingine ni cha kilomita nzima, vinaelea ndani ya mawe yaliyosagika. Ndo mana mgodi wa huku unaweza kufuata tabaka vizuri kabisa alafu ghafla tabaka linaisha, linakatika, na mtu asiyejua anasema shaba imeisha kumbe kipande ndo kimeisha na kingine kiko kilima cha pili. 

Nisiwachoshe na Roan peke yake. Fungu la pili, Nguba, linaanza na barafu. Ndio, barafu, hapa Katanga. Jiwe lake linaitwa Grand Conglomérat, ni tope lililoganda likiwa limechanganyika na mawe ya kila ukubwa, dogo na kubwa pamoja bila mpangilio, na mto haupangi hivo, mto unachambua, mawe makubwa peke yake na mchanga peke yake. Barafu haichambui. Inazoa yote inamwaga yote. Zama hizo, miaka milioni 700 na kitu iliyopita, barafu ilifika hata nchi zilizokuwa karibu na ikweta, wanasayansi wengi wanaona dunia karibu yote iliganda. Alafu ikayeyuka, joto likarudi, na juu ya jiwe la barafu ikatulia chokaa ya Kakontwe, ile ile inayochimbwa karibu na Likasi, na ndani ya chokaa hiyo hiyo ya Kakontwe ndo umo mgodi wa Kipushi wenye zinki na shaba ulioanza kuchimbwa miaka ya 1920. Fungu la tatu nalo linaanza na barafu nyingine, Petit Conglomérat, miaka milioni 635 hivi iliyopita, alafu mawe ya mchanga yanapanda mpaka juu ya uwanda wa Kundelungu, kule yamelala tambarare hayajakunjwa, na mto Lofoi unaanguka kwenye ukingo wake zaidi ya mita 300. Aliyefika pale ameona tabaka la mwisho la hadithi hii kwa macho.

Ukitaka kujua kwanini kusoma matabaka si anasa ya chuo kikuu, angalia mgodi wa Kamoa, magharibi ya Kolwezi. Kwa miaka karibu 100 watu walitafuta shaba kwenye vilima, penye malakiti ya kijani inayoonekana, penye uwazi usioota miti kwa sababu udongo una shaba nyingi, panaota yale majani madogo yenye ua la zambarau ambayo wazee waliyafuata kabla ya Mzungu yeyote, wakayeyusha shaba wakaimimina kwenye misalaba. Jules Cornet alipopita huku mwaka 1892 na msafara wa Wabelgiji alionyeshwa mashimo yaliyokuwa yanachimbwa na wenyeji karne nyingi. Lakini magharibi ya Kolwezi hakuna vilima hivo, kuna mchanga umefunika. Kamoa ikagunduliwa mwaka 2008, Kakula ya jirani yake mwaka 2016, na uzalishaji ukaanza mwaka 2021, na shaba yake haiko kwenye RSF wala SD, iko kwenye mguu wa jiwe la barafu, Grand Conglomérat, pale linapokalia mawe mekundu ya mchanga. Nyekundu chini, kijivu juu, kanuni ile ile, tabaka lingine. Waliokuwa wanajua kanuni ndo walioiona. Leo Kongo ni ya pili duniani kwa shaba nyuma ya Chile, na sehemu kubwa ya kupanda huko imetokana na mtu kusoma rangi ya tabaka ndani ya karoti.

Haya, sasa kilichonifanya niandike. Mgodi wa wazi unapanuka kila mwaka, na ukuta niliowaelezea hapo juu, wenye RAT zote mbili na RSF yake na vichuguu vya RSC, unakatwa unasagwa. Sipingi uchimbaji, nimekula kwa uchimbaji na watoto wangu wamesoma kwa uchimbaji. Ninachosema ni kwamba hatubakizi hata kipande. Kilima kizima kinaondoka na hakuna mtu aliyekipiga picha ya maana, hakuna kibao, mtoto wa shule ya jirani hajawahi kupelekwa hata mara moja kuonyeshwa zulia la bakteria lenye umri wa miaka milioni 800 lililo nyuma ya kijiji chake. Na karoti ndo mbaya zaidi. Nimeona kwa macho yangu masanduku ya karoti ya kampuni moja yameachwa nje baada ya mradi kusimama, mbao zimeliwa na mchwa, sanduku la juu limevunjika likamwagikia la chini, vibao vya mita vimefutika kwa mvua. Karoti isiyojulikana imetoka mita ngapi ni kokoto tu. Ilitobolewa kwa pesa nyingi, mita kwa mita usiku na mchana, na haitobolewi tena pale kwa sababu pale sasa ni shimo.

Najua nitaambiwa taarifa ziko kwenye kompyuta. Taarifa ni alichokiona mtu wa siku ile kwa maswali ya siku ile. Waliopima karoti za miaka ya 1970 walikuwa wanatafuta shaba, kobalti wengine hawakuijali sana, na mambo mengi yanayopimwa leo kwenye punje moja ya jiwe yalikuwa hayapimiki. Jiwe lenyewe ukiwa nalo unarudi kuliuliza upya. Na mawe mengi ya zamani ya nchi yetu, pamoja na ramani na daftari za waliotangulia, yako Tervuren huko Ubelgiji kwenye jumba la makumbusho, yametunzwa vizuri, sina ugomvi na utunzaji wao, ila mwanafunzi wa jiolojia wa Lubumbashi anatakiwa apate visa kwenda kuangalia jiwe lililotoka kilomita chache na darasa lake. Hilo linaniuma.

Pesa si kisingizio. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilivyorekebishwa mwaka 2018 inasema kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa miradi ya jamii inayozunguka mgodi. Na ule mrabaha wa serikali umegawanywa: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 mji au sekta yenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo wameandikwa kwenye sheria kwa jina lao! Basi ghala la karoti, bati juu, sakafu ya saruji, rafu za chuma, mlinzi na daftari, liko ndani kabisa ya maana ya mfuko huo, mana mtafutaji wa mwaka 2060 ataanzia hapo badala ya kuanza kutoboa upya. Ghala moja Kolwezi na moja Likasi lingetosha kuanzia, chini ya huduma ya jiolojia ya taifa pamoja na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kampuni ikimaliza mradi isiruhusiwe kuondoka kabla haijakabidhi angalau karoti chache zilizopita matabaka yote kutoka RAT mpaka CMN.

Pia kwenye kila mgodi mkubwa wa wazi libakizwe kipande kimoja cha ukuta, mahali pasipo na hatari ya kuporomoka, penye uzio na ngazi, na kibao cha Kiswahili kinachoelezea kila rangi ilikuwa ni mahali gani. Siombi jengo la vioo. Kipande cha mita 50 kinatosha kabisa. Kwa watoto wa Fungurume hiyo ni safari ya mguu, mwalimu anaenda nao asubuhi wanarudi mchana wameshika RSF mkononi.

Na kwenu ninyi wa gazeti naomba kitu kimoja. Mna waandishi Lubumbashi na Kolwezi, watumeni waende kwa wizara ya madini ya mkoa, Haut-Katanga na Lualaba zote mbili, waulize: karoti za miradi iliyofungwa ziko wapi, nani ana funguo, na orodha yake iko kwa nani. Majibu wakiyapata yachapisheni, na wakikosa jibu chapisheni kwamba hakuna jibu. Sisi tuliofanya kazi hiyo bado tupo, wengi tumestaafu lakini macho yanaona, tukiitwa kupanga masanduku na kuandika vibao upya tutakuja.

Wenu,
Mfanyakazi mstaafu wa karoti, Likasi